Suti ya Mwili Unaokuja

Jumatatu, 4 Agosti
Benson kanichagua niwe mpambe wake! Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nitaingia ukumbini nimeshikana mkono na Kokuberwa, mpambe wa bibi harusi, ambaye hajajibu meseji zangu tangu Pasaka. Kikwazo ni kimoja tu: kitambi. Na mikono myembamba. Basi viwili.

Nimepeleka kitambaa kwa fundi Jabiri, hapa hapa Kiwalani. Akatoa futi anipime. Nikakataa. Ya nini kushona suti ya mwili ninaouacha? Nikamtajia vipimo vya mwili unaokuja: kiuno chembamba, mabega mapana, kifua cha kueleweka. Akauliza mwili huo unatokea mkoa gani. Fundi hana maono.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekwenda uani kwa jirani yangu Revelian, anayeinua makopo ya zege na kuvaa singlendi hata mvua ikinyesha. Nikamuuliza nianze kukata mafuta au kujenga misuli. Akasema vyote vinakwenda pamoja: nipunguze chakula kidogo tu, nisikose maharage, mayai na dagaa, ninyanyue chuma, nilale vizuri, halafu nivumilie miezi sita. Miezi sita! Nimemshtukia. Anataka harusi ipite.

Nimeondoka na kopo lake moja.

Alhamisi, 7 Agosti
Nina njia yangu. Mchana sili, mafuta yaungue. Jioni nakula mayai huku nimeinua kopo, ili chakula kijue pa kwenda. Mama mwenye nyumba, bi Mwamvita, akauliza, "Badru, unaumwa?" Nikamwambia ni sayansi. Yai lilikuwa mdomoni, sidhani kama alinielewa.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefunga kitambi kwa nailoni, nikakaa karibu na jiko la chapati la bi Mwamvita. Jasho la kufulia nguo. Bahati mbaya chapati zilikuwa zinanukia. Nimekula sita. Nilikuwa nimeshika kopo, kwa hiyo zimekwenda kwenye misuli.

Jumatano, 13 Agosti
Mikono haiinuki. Nimeshindwa hata kuchana nywele. Revelian kaniletea bakuli la maharage, akaniambia nipumzike. Maharage nimekula. Ushauri nimeurudisha pamoja na bakuli.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimejaribu suti. Koti linaning'inia mabegani, suruali imekomea mapajani. Jabiri akasema kashona nilichotaja, na kitambaa kimekwisha. Nikamtuliza. Usiku mzima bado upo.

Jumapili, 17 Agosti
Jana asubuhi Benson alikuja na wanakamati. Watatu walinisukuma ndani ya suruali. Haikupanda. Benson karibu alie. Wakati huohuo Revelian akapiga hodi, kafuata kopo lake. Benson akamtazama, akamwomba ajaribu.

Ikamkaa! Kiuno, mabega, kifua, kila inchi.

Akaingia ukumbini na Kokuberwa. Mie nikapangiwa kugawa soda. Niliumia, sifichi. Walipoanza kucheza nilikula sahani mbili za pilau huku kreti iko begani, angalau bega lifaidike.

Leo nimetafakari kwa utulivu. Suti haikuwa na kosa, watu wote wameshuhudia. Mwili ndio ulichelewa. Na mdogo wake Kokuberwa ana sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa, Jumamosi hii. Nimepita kwa Jabiri na kitambaa kipya. Nimemwambia vipimo ni vilevile, ila kiuno apunguze inchi moja, maana safari hii naanza mapema.