Hotuba ya Kuhitimisha Mradi wa Pua ya Koki

Mheshimiwa Chifu, Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa wadi, Mchungaji Kweyu, Mama Mwenyekiti wa laini yetu ya nyumba, wadau wa maendeleo hapa Kaloleni, wageni waalikwa, wageni wasioalikwa ambao wamekwisha kupewa soda, na hasa wewe Mama Koki, uliyeketi hapo mbele na binti yako Koki wa miaka kumi na mmoja: itifaki ikiwa imezingatiwa, mimi Job Shiundu, mwenyekiti mwanzilishi, mwenyekiti wa sasa na mwenyekiti pekee wa Kamati ya Harufu kwa Wote, naomba kuhutubia nikiwa nimeketi, kwa kuwa daktari ameniambia nisinunue kalenda ya mwakani. (Minong'ono ya huruma.)

Mtakumbuka kwamba mwezi wa tatu, katika ukumbi huu huu, tulikata utepe kuzindua tiba ya seli shina, yaani zile chembe changa za mwili ambazo wataalamu wanasema zinaweza kukuzwa zikawa kiungo kingine, ili watoto waliozaliwa bila uwezo wa kunusa nao wafikiwe na ajenda ya maendeleo pasipo ubaguzi wa pua. Na baada ya feasibility study, public participation na sala, mimi mwenyewe nilimdondoshea Koki matone matatu katika kila tundu. (Makofi.) Wiki ya sita tukafanya tathmini: nikainua kitunguu nikamuuliza ananusa nini, akasema kitunguu, nikainua ndizi, akasema ndizi, na ripoti ikaandikwa kwamba tumefaulu kwa asilimia mia moja ya mtoto tuliyempima. (Vigelegele. Mulama, fundi wa viatu: "Lakini mzee, kitunguu si alikiona?" Kicheko.) Asante kwa swali, Bwana Mulama. Hilo ndilo pengo la kimethodolojia lililonileta hapa.

Kabla ya mradi, laini yetu ilikuwa na mfumo wake, usio na sekretarieti wala strategic plan. Koki akitaka kuwasha meko ya gesi na mama yake yuko kazini, alisimama mlangoni akaita, "Ninusieni!" na jirani yeyote aliyekuwa karibu aliacha nguo kwenye karai, akaja, akanusa, akamwambia, "Washa, Koki, iko sawa." Nilipokabidhi cheti cha kupona kikatundikwa ukutani, mfumo huo ulikoma wenyewe, maana nani atamnusia mtoto aliyepona? Alhamisi iliyopita mpira wa gesi ulivuja. Koki alikuwa ameshatoa njiti ya kiberiti, na ni Kavindu wa mlango wa pili, aliyekuja kuomba chumvi, ndiye aliyempokonya.

(Mama Koki, akisimama: "Mzee Shiundu, mtoto mwenyewe aliniambia ananusa!" Koki, akitazama viatu vyake: "Kila mtu alikuwa amefurahi, Mum.")

Naomba jibu la mtoto liingizwe katika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa ndilo neno la kweli la kwanza katika faili hii.

Mtauliza nilinufaika na nini. Kwa miaka thelathini nilikuwa karani, nikiwaandikia wakubwa hotuba, nikisimama nyuma ya pazia kusikia makofi yao. Nilitaka mara moja tu niingie mahali watu wasimame. Mliposimama, nilishindwa kuwaambia mketi. (Kikohozi kirefu. Mchungaji Kweyu anampa maji.)

Basi, kwa mujibu wa mamlaka niliyojipa, naurejesha mfumo wa zamani kuanzia leo. Nikisema "Ninusieni," mjibu "Tunakuja." Ninusieni! (Sauti chache: "Tunakuja.") Hiyo haifiki mlangoni kwa Mama Koki. Ninusieni! (Ukumbi mzima: "Tunakuja!") Harufu kwa Wote! (Kimya.) Hiyo mmefanya vyema kuiacha.

Kwa hayo machache, nawashukuru kwa imani mliyouwekea mradi huu, ambao haukuwahi kuwepo: hapakuwa na maabara, hapakuwa na mtaalamu, hapakuwa na seli hata moja, na yale matone yalikuwa maji ya chumvi niliyochemsha katika sufuria yangu ya chai. Mama Koki, kile cheti kishushe leo, kabla mtoto hajawasha meko ya chai.