Hatua za Maman Adolphine Hazimo Katika Daftari

Nyalukemba, Bukavu, Jumanne asubuhi

Kwa Papa Benoît, Mkurugenzi wa shirika letu

Mheshimiwa Papa,

Nakusalimu kwa heshima nikiwa nimesimama, kwa kuwa viti vya biro, yaani ofisi yetu, uliviondoa wiki iliyopita. Uliniagiza mimi, mtunza faili, nichague mashine imara ya kuweka chini ya meza, ile yenye mkanda unaozunguka, ili kila mfanyakazi atembee huku akiandika. Kazi hiyo nimeifanya kwa moyo wote. Lakini dhamiri hainiruhusu kukuletea jina la mashine kabla ya kukuletea malalamiko yafuatayo.

1. Uimara. Nimesoma karatasi za mashine kumi na moja. Zote zinauliza uzito wa mtu. Hakuna hata moja inayouliza tabia za umeme wa Bukavu. Ile ya kwanza, uliyorudi nayo kutoka semina ya afya kazini, iliishi siku kumi na tisa. Siku ya mwisho Lydie, karani wetu, alikuwa amesimama juu yake akinywa chai, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ukarudi bila kupiga hodi. Mkanda ukaondoka na miguu yake, chai ikaingia kwenye mota, na Lydie akajikuta amekumbatia kabati la faili. Katika ripoti uliandika kwamba mashine iliuawa na mtu aliyesimama bila kutembea.

2. Bisi, yaani basi la wafanyakazi. Ili tupate mashine nyingine, uliuza bisi iliyokuwa ikituleta kazini. Ulitueleza mkutanoni kwamba kiti cha bisi kinaua misuli, nasi tukapiga makofi. Gari lako lina viti vitano. Nadhani vya ngozi haviui.

3. Maman Adolphine, anayepokea wageni mlangoni. Ana miaka hamsini na sita na anaishi Panzi. Tangu bisi iuzwe, anatoka kwake saa kumi na mbili, anapanda vilima na kuvishuka, mvua ikinyesha anavua viatu na kuvishika mkononi, na saa mbili kasoro robo yuko mlangoni akisema karibu. Mwisho wa mwezi ukasoma daftari la hatua za kila mfanyakazi. Wewe: elfu tisini. Yeye: sifuri, kwa kuwa kanuni inasema hatua inayohesabiwa ni ile iliyopigwa mbele ya meza ya kazi, na mashine ilikufa kabla zamu yake haijafika. Ukampa barua ya onyo kwa uvivu, ukasema ya pili itamaliza mkataba wake.

Akauliza mbele yetu sote: "Papa, miye natokaka Panzi na miguu kila siku. Ile hatua yangu inaendaka wapi?"

Ukamjibu: "Maman, kule unakuja tu, hautembei."

Hakulia. Alikunja barua mara nne, akaitia kifuani, akarudi mlangoni. Mgeni aliyefuata hakuambiwa karibu.

4. Ombi langu. Kwa kuwa kanuni ni kanuni, naomba wanaume wanne wa ghala wabebe meza ya Maman Adolphine mbele yake kila asubuhi kutoka Panzi hadi hapa, na wa tano abebe daftari na mwavuli. Njia hiyo ndiyo mashine imara kuliko zote nilizochunguza: haina mota, haiogopi chai, na tangu babu zetu waanze kuikanyaga hakuna aliyeirudisha kwa muuzaji. Wabebaji wakichoka, meza ifungwe nyuma ya gari lako, liende polepole, naye aandike majina ya wageni huku akipanda kilima.

5. Hayo yote yakishindikana, umfutie onyo. Hilo halihitaji wabebaji. Na ukimfukuza, Papa, mimi pia nitaondoka. Neno hilo nimelipima mara mbili kabla ya kuliandika.

Umsalimie Maman Françoise na watoto, dereva wako, na wenzetu wa biro ya Bunyakiri, ambao nasikia wanatembea bila kuagizwa na mtu. Mungu akulinde wewe na magoti yako.

Ni mimi, mtumishi wako katika kazi,
Grégoire Akonkwa

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha ndipo karatasi yako ikanifikia, kwamba niende Dubai siku kumi kuchagua mashine kwa macho yangu mwenyewe. Pasipoti yangu ni nzima. Kwa hiyo namba 1 uichukue kama ripoti ya kitaalamu, na zilizobaki kama makosa ya kuandika. Kuhusu Maman Adolphine, mikataba ni mambo ya uongozi, na mimi ni mtu wa faili tu. Faili la kuondoka kwake nimeshalifungua; linangoja saini yako.