Mahali Aliposimama Mheshimiwa Ogari

Nicholas Kimutai alikuwa na sifa moja njema: hakumlaghai mtu ambaye hakuwa amejitayarisha kulaghaiwa. Watu wa namna hiyo aliwatambua kwa sauti. Asubuhi ile alikuwa ameketi pembeni katika hoteli ya Dorine pale Silibwet, mbele yake kikombe cha chai na andazi la jana, na sauti hiyo ikamfikia kutoka meza ya katikati.

"Alisimama hapa mlangoni pangu," Dorine mwenye hoteli alikuwa akisema. "Mama yangu ndiye alimpa maji ya kunywa."

"Mama yako mwaka huo alikuwa Litein," akajibu Okemwa, mwenye kinu cha kusagia mahindi ng'ambo ya barabara. "Alisimama kwangu."

"Kwako kulikuwa kichaka. Na wewe ulikuwa Kisii, unanyonya."

Mtu wa tatu mezani, Mzee arap Sitonik, mwenyekiti wa kamati ya soko na mwenye maduka manne ya kupangisha pale njia panda, hakusema neno. Alikuwa akipuliza chai yake. Kimutai hakumtilia maanani, kwa sababu alikuwa amezoea kusikiliza wanaosema.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka 1961 Mheshimiwa Ogari, akizunguka nchi kudai uhuru, alipita Silibwet siku ya mvua. Hilo halikubishaniwa. Sasa ilikuwa 1996, Ogari alikuwa marehemu wa miaka mingi, na soko lilitaka kuadhimisha miaka thelathini na mitano ya ziara ile kwa kusimika jiwe mahali hasa aliposimama. Ugomvi ulikuwa juu ya hilo neno "hasa". Jiwe lingeleta wageni, wageni wangeleta magari, magari yangetaka stendi, na mwenye mlango unaotazamana na stendi hafi njaa. Heshima kwa mashujaa ni kitu kizuri, na huwa kizuri zaidi kikiwa karibu na duka lako.

Kimutai naye alikuwa na haja yake. Kule Kiptere kulikuwa na Chelimo, karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani chai, msichana ambaye alikuwa amemwambia wazi kwamba anampenda na haamini hata neno lake moja. Baba yake, Mzee Hezekiah, shemasi, hakuhitaji maneno. Alihitaji ng'ombe. Alikuwa amempa Kimutai mpaka Ijumaa aje na angalau mtamba mmoja wa kufungulia mazungumzo ya mahari; akishindwa, kulikuwa na mwalimu kutoka Sigowet aliyekwisha kutuma wajumbe.

Kimutai akamaliza andazi, akatoa mfukoni futi ya chuma inayojikunja, akatoka nje, akaanza kupima veranda. Mtu anayepima bila kuulizwa haombwi kitambulisho. Hilo alilijua tangu zamani.

"Unapima nini, kijana?" Dorine alimfuata mlangoni.

"Historia, mama."

"Ya nani?"

"Nisamehe, sikupaswa kujulikana kabla ya ripoti." Akashusha sauti. "Natoka Nairobi, ofisi ya mila na mahali pa kumbukumbu. Tumesikia mna jambo hapa. Ni lazima mtu wa serikali athibitishe aliposimama marehemu, la sivyo jiwe lenu litakuwa jiwe tu, kama yale mengine ya mtoni."

Kufikia saa nne soko zima lilijua kwamba mtu wa serikali amekuja kwa siri.

Kazi ikaenda kama maji ya mtelemko. Kimutai alipima barabara kwa urefu, akaipima kwa upana, akainama kunusa udongo, akauliza wazee upepo wa mwaka ule ulivuma kutoka wapi. Pesa alizikataa mbele za watu, tena kwa ukali. "Mimi sili pesa," alisema, na lilikuwa kweli, kwani pesa huleta polisi. Kwa Dorine alikula nyama kilo nzima kila jioni na kulala chumba cha wageni, na akamwambia sirini kwamba vipimo vinaelekea mlangoni pake. Okemwa naye aliambiwa kwamba vipimo vinaelekea kwenye kinu, na Okemwa, kwa furaha, akaiweka pikapu yake chini ya amri ya serikali. Kila mmoja aliapishwa kunyamaza mpaka Jumamosi, siku ya sherehe. Jumamosi Kimutai alikusudia kuwa mbali, amekwisha posa.

Kilichobaki kilikuwa mtamba. Na zizini kwa Mzee arap Sitonik, nyuma ya yale maduka manne, alikuwepo mmoja chotara wa gredi, mwekundu mwenye mabaka meupe, mwenye mimba.

"Mzee, nitasema ukweli," Kimutai alimwambia wakiwa wameegemea ua. "Vipimo vinasumbua. Vinaweza kwenda kwa Dorine, vinaweza kuja hapa."

"Vinangoja nini?"

"Vinangoja moyo, mzee. Mimi ni kijana, naanza boma. Sina hata ng'ombe."

Mzee arap Sitonik alimgeukia. "Mimi hongo sitoi. Kanisa limekataza."

"Nani ametaja hongo?"

"Lakini ng'ombe wa kimanagan naweza kukupa, kama wazee wetu walivyopeana. Wewe ni mtu wa mila. Hiyo unaijua."

Kimutai alikuwa amelelewa Nakuru, nyuma ya stesheni ya reli, mahali ambapo ng'ombe hujulikana akiwa katika pakiti ya maziwa au juu ya mizani ya bucha. Neno lile hakuwahi kulisikia. Lakini mtu wa ofisi ya mila atamwulizaje mwanakijiji maana ya mila?

"Kimanagan," alisema, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayekumbuka babu yake. "Naijua sana, mzee. Ofisini tumeiandikia kitabu."

"Vizuri. Basi sina haja ya kukueleza."

Mzee akawaita wazee wawili wa jirani wawe mashahidi. Aling'oa nyasi, akazishika mkononi, akamtemea mtamba mate ya baraka mgongoni. "Kijana, mbele ya hawa, unampokea huyu kwa kimanagan?"

"Nampokea."

"Na taratibu zake zote?"

"Zote, mzee. Hata zile ambazo watu wa siku hizi wamezisahau."

Wazee wale wawili waliangaliana. Mmoja wao alikohoa kikohozi kirefu sana. Kimutai akapigilia kigingi mbele ya maduka ya mzee, akakifunika kwa gunia, akasema hapo ndipo historia iliposimama.

Alhamisi Okemwa aliendesha pikapu mpaka Kiptere, mtamba nyuma, Kimutai mbele akiwa ameinua kioo ili upepo usiharibu nywele.

"Huyu si wa arap Sitonik?" Okemwa aliuliza walipokwisha kupita Litein.

"Alikuwa."

"Amekuuzia? Yule mzee hajawahi kuuza hata mkia."

"Amenipa, ndugu yangu. Kimanagan."

Okemwa alipunguza mwendo, akaendesha kwa uangalifu zaidi kuliko mwanzo. Yeye alikuwa Mkisii, lakini alikuwa amekaa na Wakipsigis miaka ishirini, tena alikuwa na ng'ombe wawili wa watu zizini kwake. Akarudi Silibwet jioni hiyo, na hakwenda kwanza kwenye kinu chake.

Ijumaa, uani kwa Mzee Hezekiah, viti vilipangwa chini ya mti wa tebeswet, na wajomba watano wa Chelimo wakakaa na nyuso za watu waliokuja kununua kwa bei ya chini. Mtamba alikuwa amefungwa mahali pa kuonekana. Kimutai alimtazama Chelimo akipita na birika, naye akamtazama mtamba, kisha akamtazama Kimutai, macho yakiwa ya karani wa mizani aliyeletewa gunia zito kupita kiasi.

"Mnyama ni mzuri," alisema Hezekiah. "Nimeangalia meno, nimeangalia chuchu. Sasa tuambie ukoo wake. Ametoka wapi?"

"Silibwet, baba. Ni jasho langu."

"Jasho la namna gani?"

Hapo pikapu ya Okemwa ikaingia langoni. Aliyeshuka alikuwa Mzee arap Sitonik, amevaa koti la kwenda kanisani, kibuyu cha maziwa ya mursik mkononi, na nyuma yake mashahidi wawili.

"Chamgei," mzee alisalimu ua mzima, mtu mmoja mmoja, bila haraka. Kimutai alitafuta lango la nyuma kwa jicho. Halikuwepo. Yunia, mama yake Chelimo, alikuwa mwanamke makini aliyekwisha kuliziba ili mbuzi wasitoke.

"Karibu, mzee," alisema Hezekiah. "Umekuja kwa jambo la hawa vijana?"

"Hapana, hilo silijui. Nimekuja kumwona ng'ombe wangu."

Hezekiah aligeuka taratibu. "Ng'ombe wako?"

"Nimempa huyu kijana kwa kimanagan, mbele ya hawa wawili. Si alikuambia?" Mzee alimgeukia Kimutai kwa upole. "Wewe uliyeandika kitabu, waeleze wajomba."

"Eleza wewe, mzee," Kimutai alisema. "Wewe ndiye mkubwa."

"Hawa wanajua, lakini nitasema kwa faida ya wageni. Mwenye ng'ombe humkabidhi rafiki anayemwamini amtunze. Maziwa ni ya mtunzaji. Ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Kumwuza ni wizi. Kumtoa mahari," akaangalia viti vilivyopangwa, "sijui kunaitwaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mjinga hivyo."

Mjomba mmoja akasimama. Alikuwa mnene, na fimbo yake pia.

"Ngoja," alisema Mzee arap Sitonik. "Kijana huyu si mwizi. Alimleta huku ale nyasi nzuri za Kiptere, na ninyi mkadhani ni mahari. Si ndivyo, Kimutai?"

Kimutai aliona mlango ukifunguliwa, na kwa mara ya kwanza maishani hakujua unaelekea wapi. "Ndivyo," alisema.

"Basi mahari yako iko wapi?" aliuliza Hezekiah.

"Iko katika kazi," mzee akajibu kwa niaba yake. "Desturi ni kwamba mtunzaji akitunza vizuri, siku moja mwenye ng'ombe humpa mtamba awe wake kabisa. Mimi nasema mbele yenu: mtamba wa kwanza atakayezaliwa na huyu ni wa Kimutai. Atamleta hapa kwa mguu."

Hezekiah alifikiri. Akawatazama mashahidi wawili, wote wazee wa kanisa. "Mtu asiyeaminika hakabidhiwi ng'ombe," alisema mwishowe. "Huyo mwalimu wa Sigowet hakuna aliyemkabidhi hata kuku. Tutangoja."

Chelimo alimimina chai katika kikombe cha Kimutai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko alichokibana.

Wakati wa kurudi, mzee alidai kiti cha mbele, na Kimutai akasimama nyuma na mtamba. Walipofika Litein pikapu ilisimama kupoza injini, na mzee akashuka kujinyoosha.

"Zizi unalo?"

"Sina, mzee."

"Nitakukopesha langu. Lile alilotoka. Nyasi utakata mtoni, asubuhi na jioni. Nilikuwa natafuta mchungaji, lakini vijana wa siku hizi wanataka mshahara." Alitafuna jani. "Na kesho jiwe litasimikwa mbele ya maduka yangu. Hotuba utasoma wewe, mtu wa serikali. Wageni wamekwisha alikwa."

"Na Dorine? Na huyu Okemwa?"

"Dorine atapikia wageni. Okemwa atawabeba. Nimekwisha sema nao. Wataenda kulalamika wapi, na waseme walikupa nini?"

Kimutai alimtazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine. "Mzee, na Ogari? Kwa kweli alisimama wapi?"

"Hakusimama. Gari lilikwama kwenye tope na sisi tukasukuma, mimi nikiwa kwenye tairi la nyuma. Yeye alibaki ndani kwa sababu ya viatu. Alishusha kioo akasema, 'Asanteni, sukumeni.' Wakaenda zao."

"Miaka yote hii mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Hata wewe uliniuliza upepo."

Jumamosi Kimutai alisoma hotuba kwa robo saa, akiwa na tai ya kuazima, juu ya maneno mazito ambayo Mheshimiwa Ogari aliwaachia watu wa Silibwet. Alieleza kwamba kiongozi yule aliwataka wananchi wasukume mbele gurudumu la taifa kwa umoja. Wanawake walipiga vigelegele, na wazee wawili waliosukuma lile gari walifuta machozi, wakikumbuka kila neno. Dorine, akipita na sinia, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ile nyama aliyokula ataioshea sufuria mpaka Krismasi, na kweli akaosha.

Novemba mtamba alizaa. Jumapili Chelimo alikuja kutoka Kiptere baada ya ibada, akavua viatu mlangoni, akaingia zizini. Kimutai alikuwa amechuchumaa, akimkausha ndama kwa gunia. Mikono yake ilikuwa na sugu, na shati lilinuka maziwa.

"Ni nini?" Chelimo aliuliza.

"Dume."

Chelimo aliinama, akahakikisha mwenyewe, kwani alikuwa karani. "Mzee amesemaje?"

"Amesema aliahidi mtamba. Dume hakuliahidi. Tujaribu mwaka ujao."

"Na ukizaa dume tena?"

"Sizai mimi, Chelimo."

"Unaweza kukimbia," alisema. "Lango ni lile pale, na mzee yuko kanisani. Nakuru si mbali."

Kimutai alilitazama lango. Lilikuwa wazi, naye mwenyewe ndiye aliyelitengenezea bawaba wiki iliyopita. Akafikiria ng'ombe atakayekamuliwa saa kumi, na ndama ambaye alikuwa bado hajajua kunyonya.

"Nitaenda kesho," alisema.

"Ulisema hivyo hata mwezi uliopita, Dorine ameniambia." Chelimo akachukua mundu uliokuwa ukutani, akamtupia miguuni, akachukua wa pili mwenyewe. "Haya, twende mtoni. Nyasi zimekwisha."