Ndoo Yangu Chini ya Laini Kubwa

Jumatatu, 4 Machi
"Waya wa uzio ukipita chini ya laini kubwa ya umeme nao hushika umeme bila kuguswa na chochote." Kauli ya mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu, fundi wa nguzo za umeme. Kaitoa mezani kwa wakwe huku anatafuna. Upuuzi mtupu! Umeme haurukiruki kama kiroboto. Nimesoma vitabu vingi kuliko nguzo alizopanda, na hakuna hata kimoja kilichosema hivyo. (Vya umeme sijasoma. Hoja ni wingi.) Baba mkwe alimsikiliza kama anasikiliza matokeo redioni. Nikizungumza mimi, hutafuta miwani.

Mzee amechoka na shamba. Mkwe mmoja atakabidhiwa ufunguo wa geti. Lazima niwe mimi! Nimejitolea kujenga uzio wa ng'ombe kabla mwenzangu hajameza tonge.

Jumanne, 5 Machi
Uzio tayari. Nguzo za mbao, waya mpya, umenyooka chini ya laini kutoka getini hadi kisimani. Mwanyumba kaja, katazama juu, katazama chini, kasema kila ncha ya waya ifungwe kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, la sivyo utamng'ata mtu. Shemeji kashangilia: jamani, mume wangu anajua! Mke wangu kaitikia. Mke WANGU!

Nikaushika waya mbele yao, nimevaa mabuti ya mpira. Haukuning'ata! Nikawahutubia kwa kirefu.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Baba mkwe kavua viatu kwa ajili ya tope, kaegemea waya. Karuka! Mzee wa magoti mabovu karuka mtaro, kofia ikaenda upande wake. Nikamweleza ni baridi yabisi. Akasema baridi yabisi anaijua, wameishi pamoja miaka mingi, haijawahi kumzaba kofi. Mama mkwe akauliza nimejenga uzio au nimefuga nyoka.

Mwanyumba hakucheka. Alimpangusa mzee tope. Mnafiki!

Alhamisi, 7 Machi
Wanataka ardhi? Watapata ardhi. Lakini si kwa fimbo yake! Udongo wa pale ni changarawe tupu. Wangu nimeuchota kwenye bustani ya mke wangu: mweusi, nimeuchekecha, nimeutia mbolea. Nimeujaza katika ndoo mpya ya plastiki, nimezamisha ncha ya waya humo, na ndoo nimeiweka juu ya kigoda cha mbao isichafuke. Hakuna udongo bora shamba zima.

Mke kauliza waya unafikaje ardhini kama ndoo iko juu ya kigoda. Wivu wa kwao huo.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaita wote washuhudie. Safari hii miguu mitupu, ili asiseme mtu. Nikaushika waya, nikaanza hotuba. Sentensi ya pili sikuifikia. Nilijikuta nimekaa topeni, ulimi mchungu, ng'ombe wananitazama kwa huruma.

Mwanyumba katusogeza wote, kavaa glavu zake, kapigilia fimbo za shaba hadi zikazama, kafunga waya, kapima. Kisha baba mkwe akaushika kwa viganja viwili, miguu mitupu, akatabasamu. Akatoa ufunguo, akamwambia shika, baba. Baba! Mimi huniita "huyu".

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari siku nzima. Kosa nimeliona: ndoo ilikuwa ndogo. Yeye kachukua dunia nzima, mimi nina ndoo moja. Hayo nayo ni mashindano?

Basi nasema nanyi mtakaoifungua shajara hii, wanaume mliooa nyumba moja na fundi, mnaosifiwa kwa kula tu: acheni kunung'unika vyumbani! Nileteeni pipa. La plastiki, kubwa, jipya. Na kigoda kirefu zaidi. Upesi, kabla mzee hajazoea kumwita yule "baba".