Makala ya Buti Iliyosambaa Hadi Kwetu Kamuli

Jamani, sijui hata nianzie wapi. Leo nimeaibika mbele ya watu kama sabini hivi, na nusu yao ni ndugu zangu wa damu. Sasa hivi nimejifungia chumbani. Nawaandikia ninyi kwa sababu mko mbali na uso wangu hamuuoni.

Wengi wenu mnajua nina duka la kutoa kopi hapa Murongo, karibu na mpaka. Wachache mnajua kwamba pembeni nina tovuti. Naandika makala za kilimo, halafu chini ya makala naweka kiungo cha duka moja la mtandaoni. Mtu akibonyeza akanunua kitu, duka linanipa kamisheni. (Nina miezi minane sijapata chochote. Endeleeni kusoma.)

Baba yangu, Mzee Leonidas, yuko Kamuli kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Kazi ya mtandao haielewi kabisa. Krismasi aliniambia kwamba msimu wa kahawa ukifika nimwonyeshe faida ya kukodolea kompyuta macho, la sivyo nifunge duka nirudi nyumbani nikachume. Na mzee akisema, amesema. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana pale kitongojini, na ndiye aliyepitisha sheria kwamba siku ya msiba hakuna kushika jembe wala kukata hata jani la mgomba, isipokuwa mkungu wa kupeleka msibani, mpaka marehemu azikwe. Ukikamatwa, faini ni mkungu wa ndizi na galoni ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Amewahi kumtoza shemeji yake mwenyewe, tena akasimama pale mpaka galoni ikaletwa.

Kwa hiyo nilikuwa nahitaji wasomaji haraka. Kuna mwalimu mmoja wa mtandaoni ninayemfuata kwenye video, akasema kosa letu ni kuandika makala na kuikalia. Unatakiwa uandike moja nzuri, kisha uzipe tovuti nyingine ruhusa ya kuichapisha bure, kwa sharti wasiguse maneno yako na waache kiungo chako pale chini. Wasomaji wao watakifuata kiungo, watakuja kwako, watanunua. Nikaona ni kama kugawa miche ya migomba, shina moja kwangu linaota kwa majirani wote. Nikakubali kwa moyo mmoja.

Bidhaa niliyochagua ni buti za mpira. Sababu ni mzee. Hataki buti. Maisha yake yote anaingia migombani na kandambili, mvua iwe inanyesha au isinyeshe, na masika iliyopita aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Nikaandika hivyohivyo, ukweli mtupu. Hakuna aliyebonyeza. Mwalimu akasema kwenye video nyingine kwamba hadithi lazima iume. Nikarekebisha, nikamvunja mguu. Kimya. Nikamvunja kiuno. Akabonyeza mtu mmoja (mimi, nilikuwa najaribu kama kiungo kinafanya kazi). Wiki iliyopita nikamzika.

Najua. Msiseme kitu. Niliandika kwamba baba yangu aliteleza migombani na kandambili, tukampoteza, na kwamba angevaa buti leo tungekuwa naye. Jina nikaweka la kweli, kijiji cha kweli, na ile picha yake nzuri ya Krismasi akiwa kibanjani, kwa sababu mwalimu alisema msomaji huamini vitu vya kweli. Nilijiambia watakaosoma ni watu wa Dar na Dodoma huko. Nani atoke Kamuli aende kusoma makala ya buti? Nikaituma kwenye tovuti tano na ruhusa ya kuichapisha.

Leo asubuhi naamka, nafungua takwimu za tovuti. Mama yangu! Mstari uliokuwa umelala miezi minane umesimama wima. Watu wanaingia kwa mamia. Nikaangalia mauzo, sifuri. Nikapakia upya ukurasa, sifuri. Mamia ya watu wamekuja, wamesoma, wameondoka, na hakuna hata mmoja mwenye haja ya buti. Sikuelewa, lakini nilifurahi, nikafungua duka nikiwa napiga mluzi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mwalimu Adventina wa shule ya jirani, kaleta mitihani ya kutoa kopi. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli nimefungua duka. Nikamwambia nifunge kwa nini, na leo ndiyo siku yenyewe. Nikaongeza, huku nacheka, kwamba siku hii nimeingoja muda mrefu sana na nimeihangaikia kwa mikono yangu mwenyewe. Akafanya ishara ya msalaba, akachukua mitihani yake bila kutoa kopi, akaondoka.

Sikuelewa. Nikadhani mashine inanuka.

Baadaye akaja mama anayeuza vitenge mlango wa pili, akaweka mfuko wa sukari juu ya kaunta, akanishika bega, akatoka bila neno. Vijana wa bodaboda wanaopaki mbele ya duka walikuwa wamezima muziki wao, kitu ambacho nimewaomba tangu mwaka juzi na hawajawahi kunisikiliza. Mmoja akavua kofia nilipomtazama. Hapo nikafikia hitimisho, na ninaomba mnisamehe kwa hitimisho hilo. Niliamini nimekuwa maarufu. Nilijiambia kumbe ndivyo mtu anavyoheshimiwa akisomwa na watu. (Nilimvulia kofia na mimi. Sina kofia. Nilipunga mkono tu.)

Kwenye saa tano akaja Projestus, bodaboda tuliyekua naye Kamuli, akasema panda twende nyumbani, watu wanakungoja. Nikamuuliza watu gani. Akasema watu wote. Nauli akakataa. Projestus kukataa nauli ni jambo ambalo lingetosha kunishtua, ila mimi akili yangu ilikuwa kwenye ule mstari. Nikajua mzee amesikia habari za mafanikio yangu na ameita watu. Nikabeba kompyuta nikamwonyeshe.

Tulipokaribia kwetu nikaanza kuona watu barabarani, wote wanaelekea upande wetu. Wanaume na mikungu ya ndizi kichwani, wengine na kuni. Akina mama wamejifunga kanga kiunoni, wanatembea bila kuongea. Ninyi wa mjini labda hamuelewi. Mtu wa kwetu akiona mikungu na kuni vinatembea pamoja mchana, hahitaji kuambiwa. Nikamgonga Projestus mgongoni nikamuuliza msiba uko kwa nani.

Akasimamisha pikipiki. Akageuka akanitazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Nova," akasema, "si kwenu?"

"Nani?"

"Mzee."

Niliuliza amekufaje. Akasema alivyosikia stendi aliteleza migombani, hakuwa na buti.

Sasa hapa mtanishangaa. Mtu mwenye akili timamu angeunganisha mambo papo hapo. Mimi nilichoelewa ni kwamba Mungu amesoma makala yangu. Niliandika kwamba baba yangu amekufa, na kweli amekufa, tena vilevile nilivyoandika, kandambili na yote. Nilijaribu kumpigia, nikaambiwa simu imezimwa. (Simu ya mzee huwashwa Jumapili tu baada ya misa, ili betri isichoke. Hilo pia nililisahau.) Mama yuko Bugomora kwa dada yangu aliyejifungua. Kwa hiyo nilijua mzee amefia peke yake kibanjani, na mwanawe yuko Murongo anapiga mluzi. Nililia kuanzia pale mpaka nyumbani, nimemkumbatia Projestus mgongoni, kompyuta katikati yetu.

Uani turubai lilikuwa limeshafungwa, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na kufuli, watu walisema mwili uko hospitali. Moto unawaka, akina mama wanamenya ndizi, wanaume wamekaa kwenye viti vya kanisani. Niliposhuka wakanipokea, nami nikaanguka chini. Jamani, nililia. Sikulia kilio cha kuigiza. Niliita Tata, Tata, yaani baba, nikasema nimekuua mimi, nisamehe, nitavaa buti mimi kwa niaba yako. Wanaume wawili wakanishika. Mtu akasema uchungu wa mtoto wa kiume ni mbaya sana.

Nilipotulia kidogo, Mama Koleta, katibu wa kikundi, akasimama akasema kuna jambo la aibu. Kuna mtu yuko huko chini bondeni anakata. Watu wakatega masikio. Kweli, kwa mbali, panga lilikuwa linasikika. Kata. Kata. Mtu anasafisha migomba siku ya msiba, tena msiba wa mwenyekiti aliyeweka sheria yenyewe.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Nilisimama, kamasi na machozi usoni, nikasema huyo mtu aletwe hapa sasa hivi, na faini yake iwe mara mbili, kwa heshima ya baba yangu. Watu wakaitikia kwamba nimesema vizuri. Nilihisi, kwa mara ya kwanza, kwamba ningeweza kuwa mwenyekiti.

Wakaenda vijana wawili. Panga likanyamaza. Tukangoja muda ambao haukuwa wa kawaida. Kisha vijana wakatokea migombani, mmoja kulia, mmoja kushoto, hakuna aliyethubutu kumshika waliyemleta. Katikati yao alikuja baba yangu. Panga mkononi. Shati limelowa jasho. Miguuni, kandambili.

Mama mmoja akaangusha beseni la maganda.

Mzee aliangalia turubai, akaangalia moto, akaangalia watu. Uso wake ukabadilika. Akaweka panga chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akavua kofia, akaja akasimama mbele ya wanakikundi wake akiwa ameinamisha kichwa.

"Nisameheni, waitu, ndugu zangu," akasema. "Nilikuwa bondeni tangu alfajiri, sikusikia. Faini nitatoa, sheria ni sheria. Nani ametutoka?"

Akauliza tena. Akaanza kuwatazama wazee mmojammoja, nadhani alikuwa anahesabu nani hayupo. Mwishowe Mama Koleta akasogea.

"Ni wewe, Mwenyekiti."

Akatoa simu. Habari ilikuwa imeingia kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji tangu jana jioni, ikasambaa mpaka Murongo, imetoka kwenye mojawapo ya zile tovuti tano, na picha ya Krismasi pale juu. Maneno yangu hawakuyagusa, kama tulivyokubaliana. Ila sikuwa nimeweka sharti juu ya kichwa cha habari, na wao walikuwa wameandika: MKULIMA WA KAMULI AFARIKI, MWANAWE ASIMULIA KWA UCHUNGU. Mzee akaomba isomwe yote, kwa sauti, kwa kuwa inamhusu. Mama Koleta akasoma. Akasoma nilivyomsifu, na wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa. Akasoma alivyoteleza. Na kwa kuwa watu wote walikuwa wameishia kwenye kifo, leo ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote wa kitongoji chetu kufika mwisho wa makala.

"Usimpoteze na wa kwako," akasoma Mama Koleta polepole. "Bonyeza hapa ujipatie buti imara za mpira, rangi nyeusi na kijani, namba zote zipo."

Sabini wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimekumbatia kompyuta kifuani. Sikuwa na pa kuiweka.

Mzee hakufoka. Afadhali angefoka. Alinisogelea, akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi ninayofanya Murongo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ndiyo ile faida aliyosema nimwonyeshe. Nikasema ndiyo, Tata, nikafungua kompyuta (sijui kwa nini) nikamwonyesha ule mstari uliosimama. Akautazama kwa makini, akaniuliza hao wote waliosoma, walionunua buti ni wangapi.

Nikasema hakuna.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Tata."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo nimekufa bure."

Hapo ndipo walipocheka. Walianza wazee, wakafuata akina mama kule kwenye ndizi, Projestus akalala juu ya pikipiki. Mzee mwenyewe akacheka mpaka akakaa kwenye kiti, na nilipoona mabega yake yanatikisika nikaanza kulia upya, safari hii kwa sababu yupo. Wale waliokuwa wananishika mwanzo hawakunishika tena.

Chakula kilikuwa kimeshaiva, kikaliwa. Mzee akakaa mbele kama marehemu mheshimiwa, akasifiwa na kila mtu, na nadhani amefurahia. Faini ilijadiliwa. Wengine walisema hakuna msiba, kwa hiyo hakuna kosa. Mzee akakataa, akasema kikundi kimekusanyika, kuni zimewaka, kwa hiyo msiba ulikuwepo na yeye alikata majani. Ila akakumbusha kwamba kuna mtu alisimama hapa akataka iwe mara mbili, basi mtu huyo ndiye alete. Ikapitishwa kwa mikono, na mkono wake ndio uliotangulia.

Nimerudi Murongo jioni nikaanza kuifuta ile makala. Kwangu nimeifuta. Zile tovuti tano nimeziandikia, moja imejibu kwamba makala inafanya vizuri sana na wameshawapa ruhusa wenzao wengine wanne. Kwa hiyo mkikutana na baba yangu mtandaoni, jueni yu hai, tafadhali msiisambaze, na msinicheke, nimeshachekwa vya kutosha.

Mzee amekubali buti. Ameniambia nikija na faini nimletee pea moja, namba tisa, za sokoni Murongo, kwa sababu kile kiungo changu hakiamini.