Ombi la Kumhamishia Mume Wangu Maabara

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara ya Uchachushaji,

Shikamoo. Natumai u mzima, wewe na vijidudu vyako vyote. Mimi ni mke wa yule mtafiti wako anayechunguza jinsi bakteria na hamira wanavyoishi ndani ya chupa moja bila kumalizana. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mume wangu anapatanisha viumbe visivyoonekana kwa macho, lakini mimi na mama yake, tunaoonekana vizuri tu, tumemshinda. Jiko letu ni moja. Mama mkwe akipita nyuma yangu, mchuzi wangu huongezeka chumvi.

2. Nilipomlilia atuamue, alichora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja mama, mmoja mimi, akasema kwa hesabu zake tutatulia wenyewe, mradi joto lidhibitiwe. Kisha akafungua dirisha la jikoni, akaenda zake kazini. Tulipigwa na baridi, na ugomvi ulibaki palepale.

3. Juzi alitueleza, mdomo umejaa chakula, kwamba siri ya amani chupani ni kuwa bakteria na hamira hawagombei sukari ileile. Nikamtazama mama mkwe, naye akanitazama. Mheshimiwa, sisi sukari yetu ni moja, na ndiyo iliyokuwa inatafuna pale mezani! Mama anampakulia kitinda mimba wake, mimi nampakulia mume wangu, na mwenyewe anafagia sahani zote mbili bila haya.

4. Kwa hiyo mkorofi si mama mkwe, wala si mimi. Naomba umweke huko huko, rafu moja na chupa zako, uwe unatuletea kidogo kidogo kwa kipimo utakachoona kinafaa.

Nisalimie wasaidizi wako, mlinzi wa getini, na hamira, maskini, ambaye namwelewa sana.

Wako ninayechacha,
Mke wa Mtafiti

Tanbihi: Jana alichelewa kurudi na simu yake haikupatikana. Mimi na mama tukapata amani yote niliyoiomba hapo juu, na hakuna aliyegusa chakula. Niliogopa sana. Mama akanishika mkono, akaniita mwanangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Mume wangu alipoingia tulimgombeza kwa pamoja, kisha tukagombana nani ampashie chakula moto. Tafadhali chana barua hii, na leo umruhusu atoke mapema.