Mistari Kumi na Tisa Ukutani Kwangu

Newala, 4 Oktoba 1957

Kwa Bibi Ethel, mke wa Bwana Mpimaji wa Maji,
Mkomaindo, Masasi.

Bibi Mheshimiwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, matata. Ni mimi Abdulkadiri Nangumbi, mwenye lori la maji, niliyewahamisha kutoka Newala kwenda Masasi mwezi wa Agosti, na kinanda chenu kikafika bila hata mkwaruzo. Utakumbuka siku ile ulinishukuru kwa kunipa picha uliyoichora kwa mkono wako. Macho yangu yalikuwa kwenye lile jokofu la mafuta ya taa. Niliipokea picha kwa mikono miwili, nikaitundika sebuleni, kwenye ukuta wa chokaa, chini ya mabati niliyoyapata kwa kuuza maji debe kwa debe. Sasa naomba uje uichukue. Sababu zangu ni hizi:

1. Picha haina kitu. Nimetafuta mtu, ng'ombe, mlima, hata Malkia, hamna. Ina mistari kumi na tisa iliyosimama wima toka juu hadi chini, basi. Wa kwanza, upande wa mlangoni, ni wa buluu na ndio mpana kuliko yote, inchi tano na nusu kwa futi yangu. Wa mwisho, upande wa dirishani, ni wa kahawia, haufiki hata robo inchi, umebanwa pembeni kama abiria asiye na nauli. Mchongaji wa kwetu akikutolea kinyago, hata kiwe cha shetani, utajua pua iko wapi.

2. Kwa kuwa haina kitu, watu wameitilia chao. Kosa si lao. Mumeo mwenyewe, kwenye baraza ya mwezi wa Juni, alitandaza karatasi ya mabomba akasema kila mstari ni bomba, na kila bomba lina kijiji chake. Sasa watu wanaingia kwangu wanaona mistari, imechorwa na mke wa mpimaji, imeletwa na lori la maji. Hata ungekuwa wewe ungesema nini? Aliyeanza ni Mzee Kasiani wa Mnyambe. Alihesabu vijiji kuanzia mlangoni, na cha kwanza, bila haya, akataja chake. Akaupiga ule wa buluu kofi: "Huu wetu!" Akaenda akihesabu mpaka dirishani, kwenye ule wa kahawia, kisha akamgeukia mke wangu Stamili, ambaye kwao ni Kitangari. "Poleni, shemeji. Ninyi mmepewa uzi, tena wa tope."

3. Tangu siku hiyo sina nyumba, nina baraza. Wanakuja kutoka kila upande, wanapima mistari kwa vidole, wanagombana, na wakishikwa na kiu wanakunywa maji ya mtungi wangu. Kununua hawanunui. Wananiambia usoni, "Baba Fatu, lori lako lishakufa, sisi tunangoja bomba la buluu." Na lori limesimama uani na mapipa yake yamejaa, katika mwezi huu ambao mtu hunawa uso kwa kikombe na maji yale yale akamwagilia mchicha.

4. Nilijaribu kuwaeleza kama ulivyonieleza wewe, kwamba hiyo si ramani bali ni hisia, na mtu aitazame mpaka ahisi kitu. Mzee Kasiani akaniuliza ni hisia za nani zilizonyooka namna hiyo. Kama jibu unalo, naomba.

5. Nikaifunika kwa kanga. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kwanza walisema nina ramani. Sasa wanasema naificha, kwa sababu bomba likija nitakula wapi.

6. Hili ndilo kubwa, yale mengine nimeyatanguliza kwa aibu. Stamili ameondoka. Amekwenda Kitangari kwa mama yake, na mtoto wetu Fatu mgongoni. Huyo mama, Bibi, huteremka bondeni na mtungi nyota zikiwa bado juu, na akiwa anapanda kurudi jua humkuta njiani. Stamili aliniambia hapa mlangoni: "Umembebea yule Bibi kinanda mpaka Masasi, ukashindwa kumwombea mama yangu kidole kimoja cha buluu?" Nikamwambia ni rangi tu. Akasema, basi kama ni rangi tu, ingekugharimu nini? Wiki ya tatu sasa najipikia ugali mwenyewe, na kuku wangu hawautaki.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Uje uichukue picha, na uniandikie barua kwa mkono wako kwamba mistari hii haitoki popote wala haiendi popote, nikaisome mbele ya watu wa Kitangari wote, mke wangu akiwa amekaa mbele. Jokofu siliombi, ingawa sebule itabaki na nafasi.

Nisalimie Bwana Mpimaji, na Danieli mpishi wenu, na kinanda. Na yeyote hapo Mkomaindo anayeuliza habari zangu, mwambie lori bado lipo.

Mimi niliyebaki peke yangu na picha yako,
Abdulkadiri Nangumbi

Nyongeza: Bibi, usije. Nilikuwa natafuta bahasha, Stamili akaingia, na mama yake nyuma. Wakapita moja kwa moja, wakaishusha picha, wakaigeuza miguu juu, wakaitundika tena. Sasa buluu iko dirishani, yaani Kitangari, na uzi wa tope umewaangukia Mnyambe. Mkwe wangu ametandika mkeka chini yake na amesema hatoki mpaka bomba lifike. Kwa desturi yetu siwezi kukaa chumba alimo mama mkwe, kwa hiyo haya nayaandika ndani ya lori, na humu ndimo nitakamolala. Lakini Stamili ameniletea ugali wa moto sasa hivi, na amecheka. Basi ile barua ya kusema mistari haiendi popote usiiandike. Andika kwamba inakwenda, na Kitangari ndiyo ya kwanza. Kama Bwana ana muhuri, aupige. Na bomba lenyewe mwambie alichimbie haraka; mimi mwuza maji ndiye ninayeomba.